Vipindi elfu tano

Ukiambiwa upange mtaala bora wa sekondari, kabla hujaandika jina la somo lolote, andika 194. Hizo ndizo siku za masomo kwa mwaka katika shule zetu za Tanzania. Zidisha kwa vipindi 8 vya dakika 40, zidisha tena kwa miaka minne ya sekondari ya kawaida, unapata vipindi 6,208. Sasa anza kupunguza. Majaribio ya kila mwezi, mitihani ya muhula, upimaji wa kidato cha pili, mock ya wilaya, mock ya mkoa. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mapokezi ya Mwenge. Siku ambayo mwalimu ameenda halmashauri kufuatilia malimbikizo yake. Siku ya mvua kubwa ambayo bati linanguruma mpaka husikii unachokisema mwenyewe. Na kidato cha nne wanaomaliza Novemba, mwezi mzima kabla ya wenzao. Nimewahi kuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya kata mkoani Dodoma, ratiba nilikuwa nazipanga mimi, na nakuambia ukibakiwa na vipindi 5,000 vya kweli, mwalimu yuko mbele na mwanafunzi yuko kwenye dawati, mshukuru Mungu.

Mtu akitaka kuzungumza nami habari za mtaala bora, namwomba aanzie hapo. Sisi tumezoea kuupanga mtaala kwa kuongeza. Ukimwi umeingia, ongeza mada. Rushwa imezidi, ongeza mada. Mazingira, maadili, ujasiriamali, na sasa akili mnemba. Kila kamati inaongeza la kwake na kuondoka. Sijawahi kusikia kamati iliyomaliza kazi kisha ikatangaza kwa fahari mambo kumi iliyoyafuta.

Majirani zetu wa Kenya hili walishalionja. Mfumo wa 8-4-4, uliopendekezwa na Tume ya Mackay mwaka 1981 na kuanza mwaka 1985, nia yake ilikuwa njema kabisa: kilimo, ufundi, sayansi kimu, muziki, ili mtoto akimaliza aweze kujiajiri. Lakini masomo yalirundikana, karakana nyingi zikawa za kujengwa kwa harambee ya wazazi, na shule ambazo hazikuwa na karakana zilifundisha ufundi kwenye daftari. Miaka iliyofuata ikawa ya kupunguza masomo, na kuanzia 2017 wakaamua kuhamia mtaala mwingine.

Basi mgawo wangu ni huu. Sayansi vipindi 1,000. Hisabati 900. Kiingereza 800. Kiswahili 700. Kazi za mikono 700. Somo nililolibatiza Nchi na Dunia 600. Vipindi 300 vinavyobaki ni vya sanaa na michezo. Jumla 5,000, masomo saba. Utaona haraka vilivyokosekana: hakuna Fizikia peke yake wala Kemia peke yake, hakuna Uraia, hakuna Biashara, hakuna Kompyuta. Najua. Nimekaa na karatasi hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila ninapoingiza kimoja lazima nikinyang'anye kingine.

Hisabati nimeipa fungu kubwa kwa sababu ndiyo inayotuumbua. Kwa miaka mingi sasa, kati ya watahiniwa wanne wa kidato cha nne anayefaulu Hisabati ni mmoja, na iko miaka ambayo hata huyo mmoja hatimii. Matokeo yakitoka hivyo kila mwaka, na mada zikabaki zilezile kwa mpangilio uleule, ina maana tumekubaliana kimyakimya kwamba kazi ya somo ni kuchuja watu. Mimi ningepeleka matriksi na vekta kidato cha tano, kwa wanaozihitaji. Nisingegusa jiometri, maana jiometri inamfundisha mtoto kuthibitisha anachodai. Na nafasi iliyopatikana ningeijaza takwimu, uwezekano na fedha.

Fedha ninazozisema siyo zile za faida na hasara ya muuza machungwa wa kwenye kitabu. Chukua mkopo wa kausha damu. Mama anakopa 200,000. Anakatwa 20,000 ya fomu, anaondoka na 180,000 mkononi. Atarejesha 8,000 kila siku kwa siku 30. Mkopeshaji anamwambia riba ni asilimia 20. Ni kweli? Mwanafunzi atakayejibu ndiyo, kwa sababu 240,000 ukitoa 200,000 inabaki 40,000, atakuwa amesoma tangazo tu. Atakayeona kwamba mama alipokea 180,000 na amelipa 60,000 juu yake, yaani theluthi moja, amesogea. Lakini yuko wa tatu, yule wa dawati la nyuma, atakayesema: mwalimu, huyu mama hakukaa na hiyo 180,000 mwezi mzima, alianza kurudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani alikaa na kama nusu yake tu. Huyo atafika kwenye riba inayokaribia theluthi mbili kwa mwezi mmoja. Swali hilo lina asilimia, wastani, mfuatano wa namba na grafu, na nusu ya darasa watakwenda nalo nyumbani kwa sababu wanamjua mama huyo.

Sayansi ningeifundisha kama somo moja miaka miwili ya mwanzo, na hapa walimu wenzangu wa Kemia huwa wananinunia. Wanasema kina kitapotea. Kina kipi? Katika shule nyingi za kata Fizikia, Kemia na Biolojia zinaanza wiki ileile kidato cha kwanza, kila moja na utangulizi wake, kila moja na orodha ya vifaa vya maabara vya kuchora, kila moja na sura ya kueleza njia ya kisayansi. Mtoto anachora bika mara tatu kabla hajaishika. Wakati wa Rais Kikwete lilitoka agizo kila shule ya kata iwe na maabara tatu, michango ikachangwa mpaka wengine wakajificha mtendaji akipita, na majengo mengi yakasimama. Vifaa na kemikali ni habari nyingine.

Hebu nieleze ningefundisha nini. Mwaka 2016 watu walianza kuugua huku kwetu Dodoma na upande wa Manyara: macho ya manjano, tumbo kuuma, kutapika. Karibu watu 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus anayeota kwenye nafaka iliyohifadhiwa kabla haijakauka sawasawa. Sumu hiyo huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi. Haya ni mambo ya chakula chetu cha kila siku, na wakati huo mimi nilikuwa shuleni, na hakuna ukurasa hata mmoja wa kitabu chochote kilichokuwa ofisini ulionisaidia kuwajibu wanafunzi waliouliza ugali wao uko salama au la.

Sasa tazama jaribio ambalo halihitaji maabara. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umepita kama asilimia 15, yarudi juani. Ikianguka chini yote, yanaweza kwenda ghalani. Kwa nini chumvi inanasa maji? Kwa nini kuvu anataka unyevu na joto? Kwa nini punje iliyotobolewa na dumuzi ndiyo inayoota kuvu kwanza? Mfuko usiopitisha hewa unamfanyia nini mdudu? Wiki tatu zimekwisha hapo, na ukitaka kujua mpaka wa Kemia na Biolojia ulikuwa wapi hutauona. Kila mtoto alete kiganja cha mfano kutoka gunia la kwao, mpime, mwandike, mchore jedwali. Ikifika kidato cha tatu, mwenye kiu ya Fizikia au Kemia hasa achukue nusu ya vipindi vyake vya kazi za mikono akae maabara. Wenye kiu hiyo wako, nimewafundisha, na wanatosha kabisa kujaza vyuo vya uhandisi na udaktari.

Nchi na Dunia ni Historia, Jiografia na Uraia vilivyolazimishwa kukaa chumba kimoja. Somo langu la kufundishia lilikuwa Jiografia. Nimesimama ubaoni nikichora mabwawa ya mto Tennessee, kule Marekani, nikaeleza faida zake kwa pointi sita, na watoto wakaziandika, na kwenye mtihani wakazirudisha zikiwa zimebaki nne. Bwawa la Mtera lilikuwa safari ya basi isiyofika mchana. Hakuna aliyewahi kuliona isipokuwa aliyekuwa akisafiri kwenda Iringa.

Mto Ruaha Mkuu peke yake unatosha muhula mzima. Unaanza na bonde la Usangu, Mbarali, ambako kuna mashamba ya mpunga, wafugaji na ardhioevu ya Ihefu, kila mmoja akiyataka maji hayohayo. Unapita hifadhi ya Ruaha, ambako tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi. Unaingia Mtera, megawati 80. Unashuka Kidatu, megawati 204. Unamwagika Rufiji, na mbele kidogo kuna Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ukikatika umeme Kariakoo, mtoto wa Kongwa aweze kukaa na ramani akaeleza nani alifungulia maji gani wapi na nani alishinda kesi ipi. Sheria ya maji, wahamishwaji, kodi, bunge, mvua, mwamba: yote yamo. Halafu Tennessee nayo iletwe, kurasa mbili, kwa kulinganisha. Siwafukuzi Wamarekani.

Historia ndani ya somo hilo ningeipa mtindo mmoja tu mgumu: kila mwanafunzi, kabla ya kumaliza kidato cha tatu, awe amemhoji mzee mmoja na kuandika alichosikia. Tunao bado watu waliohamishwa katika Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na huku Dodoma ndiko ilikoanzia mapema. Wako waliopigana vita vya Kagera 1978 na 1979. Wako waliosimama kwenye foleni ya sabuni na sukari mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ukiendelea. Darasa la watoto 60 litapata simulizi 60 zinazopingana, na kazi ya mwalimu itakuwa kuwauliza kwa nini mzee huyu anasema hivi na yule anasema vile. Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, iliporudi na jibu kwamba Watanzania wengi, wanane kati ya kumi, walitaka chama kimoja kiendelee, na bado nchi ikaingia vyama vingi mwaka 1992, hilo lilikuwaje? Nimeona watahiniwa wanaojua tarehe hiyo bila kuwahi kuulizwa swali lake. Mtaala mpya umeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, na hilo nimelipokea kwa mikono miwili. Neno "Maadili" hapo mwisho ndilo linalonipa wasiwasi, maana somo likiagizwa kutengeneza watu wema huwa linaogopa maswali.

Kuhusu lugha sitarefusha, kwa kuwa mjadala huu ni mkongwe kuliko wanafunzi wangu wote. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Haikutokea. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikaandika Kiswahili kitumike ngazi zote. Haikutokea. Toleo la 2023 likarudisha mambo pale yalipokuwa, sekondari Kiingereza. Katika mtaala wangu masomo yanafundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kinapewa vipindi 800 vya kusoma, kuandika na kuzungumza kwelikweli, vikiwa na vitabu vya hadithi vinavyosomwa mpaka mwisho. Mzazi atakayeniambia namnyima mwanawe dunia, namwomba aende kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili dakika 40 asikilize ukimya. Na kwa kuwa najua tutabishana miaka mingine arobaini, nina ombi la katikati: karatasi ya mtihani ichapwe kwa lugha zote mbili, ukurasa wa kushoto na wa kulia, mtahiniwa ajibu kwa anayoiweza.

Kiswahili chenyewe kinahitaji kuokolewa na uchanganuzi wa sentensi. Vipindi 700, na nusu yake iwe kuandika: barua ya malalamiko, muhtasari wa kikao, habari, hoja ya kurasa tatu. Mhitimu wa kidato cha nne asiyeweza kuandika muhtasari wa kikao cha kikoba chao tumempa nini?

Sasa kazi za mikono. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unagawa sekondari mikondo miwili, elimu ya jumla na amali. Nia naielewa. Ninachokiogopa nakijua pia, na siyo mimi wa kwanza. Mwaka 1965 mtafiti Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, alieleza kwamba wanafunzi hawakuwa wajinga kukimbilia shule za kusoma tu na kuziacha za ufundi: walikuwa wameona mishahara mizuri iko ofisini, kwa hiyo kwao shule ya Kilatini ndiyo ilikuwa shule ya kazi. Sisi wenyewe miaka ya 1970 tulikuwa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Ziko shule zilizopata jina kwa hilo, Ifunda na Tanga kwa ufundi, Shycom kwa biashara. Benki ya Dunia ilipolinganisha shule za namna hiyo za Tanzania na Colombia miaka ya 1980, haikuona wahitimu wake wakipata kazi kwa urahisi unaolingana na gharama zake. Sisemi mkondo wa amali utakufa. Nasema baba mwenye uwezo atampeleka mwanawe jumla, na mtoto wa kibarua ataambiwa ana kipaji cha mikono.

Kwa hiyo kwangu hakuna mikondo mpaka kidato cha nne. Wote wanafanya. Kidato cha kwanza ni mapishi na cherehani, wavulana wakiwemo, na atakayecheka ataanza yeye kushona. Cha pili useremala na uashi. Cha tatu umeme wa nyumbani, mabomba na sola. Cha nne ni mradi wa kikundi wenye hesabu zinazobandikwa ukutani, na hapo ndipo Biashara na Kompyuta zilipojificha, maana daftari la mradi litawekwa kwenye jedwali la kompyuta, hata kama kompyuta ni mbili.

Mfano wa mradi: paa la darasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 240. Mvua moja ya milimita 40 inadondosha juu yake lita 9,600, karibu kulijaza simtanki la lita 10,000. Shule niliyofundisha ilikuwa na mapaa manne ya namna hiyo, na wasichana walikuwa wakienda na ndoo kisimani kabla ya kuhesabiwa namba asubuhi. Mifereji ya bati, mabano, mteremko wa kutosha, kichujio, bajeti. Wanafunzi wenyewe wangeweza.

Nani atafundisha? Mafundi wa mtaani, walipwe kwa saa. VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo cheti si kisingizio. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua shamba la shule lilime nini na faida yake iende wapi. Tuliobahatika kusoma baadaye tulilikuta shamba limekuwa mahali pa kupelekwa ukichelewa kufika shuleni. Nadhani kilichokosekana ni hesabu zile za ukutani. Mtoto aliyelima mahindi na asijue yaliuzwa bei gani amefanyishwa kazi, basi.

Ukiniuliza ningeanzia wapi, nisingeanza na vitabu wala semina za walimu. Ningeanza na mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, kwa kuwa shuleni kisichotahiniwa hakifundishwi, na wa kidato cha pili unaweza kufanyiwa majaribio bila kumnyima mtu cheti. Maswali mawili tu mwaka wa kwanza. Moja la mkopo wa yule mama, ndani ya Hisabati. Jingine la chupa ya mahindi na chumvi, ndani ya Biolojia, lenye majibu ya jaribio na mtahiniwa aambiwe aeleze gunia lipi lirudi juani na kwa nini. Likishatoka, vituo vya tuisheni vya Mwenge na Tandika, Dar es Salaam, vitakuwa vimeshachapa mazoezi ya kausha damu yenye majibu kabla Januari haijaisha, na mwalimu wa Kongwa atapigiwa simu na mkuu wake aulizwe kama amenunua chumvi.